Tangi la samaki lisiwagombanishe: upeni mwani chumba chake

Mwezi huu tunawapumzisha mawifi na mambo ya kuchunguzana simu, tunaingia sebuleni kuangalia kitu kingine kinachotikisa nyumba za watu kimyakimya: tangi la samaki.

Si unajua tena, tangi la kioo siku hizi si mambo ya hoteli kubwa na ofisi za wazito tu. Vijana wengi wakishahamia kwenye nyumba yao ya kwanza, baada ya sofa na televisheni kinachofuata ni tangi. Na kwa kweli linapendeza ile mbaya. Taa ikiwaka jioni, samaki wakipita taratibu, hata mgeni aliyekuja kudai hela zake anajikuta amekaa kimya anatazama.

Kasheshe inaanza mwezi wa pili au wa tatu. Vioo vinavaa utando wa kijani, changarawe inageuka rangi, maji yanaanza kunuka kama vazi la maua lililosahaulika. Hapo ndipo linapokuja lile swali ambalo hakuna aliyeliuliza dukani: nani anasafisha?

Nimepata barua ya dada mmoja wa Tabata. Jina lake ninalo, na litabaki kwangu. Anasema mume wake alinunua tangi la lita 120, wakatia goldfish wanane. Tangu utando wa kijani uanze, kila Jumamosi mume anamwaga maji yote, anasugua vioo kwa sabuni, anaosha sponji la chujio hadi linakuwa jeupe, kisha anajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Bomba likiwa kavu wananunua madumu. Ikifika Jumatano ukijani umerudi. Samaki watano wameshakufa. Jamaa anamaliza kazi saa 12 jioni akiwa hoi na amenuna, na mtoko wao wa Jumamosi, ule waliouzoea tangu uchumba, sasa ni historia. Wiki mbili zilizopita dada alimwambia auze “hilo kopo lake”. Hawajaongea vizuri mpaka leo. Anauliza: mume akienda safari ya kikazi, aliuze?

Usiliuze, mdogo wangu. Kwanza, kuuza kitu cha mwenzio akiwa safarini ni kesi nyingine kabisa, na hiyo hutaishinda. Pili, mumeo si mvivu wala si mchafu. Anafanya kazi nyingi sana, ila anaifanya mahali pasipo na faida. Mimi na mwenzangu tuna mwaka wa saba tunafuga mbuna wa Ziwa Nyasa kwenye tangi la lita 200, na juu yake kuna kontena la plastiki lenye wavu wa mwani tuliolitengeneza wenyewe. Kwa hiyo haya ninayoandika nayajua kwa mikono yangu.

Uchafu hauishi, unabadilika jina

Ili muelewane nyumbani, lazima wote wawili mjue nini kinatokea ndani ya maji. Samaki anakula, anajisaidia, na sehemu ya chakula inazama na kuoza. Vyote hivyo vinatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Kwenye sponji la chujio na kwenye changarawe wanaishi bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia. Kundi lingine la bakteria linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Samaki wanaweza kuivumilia ikiwa haijazidi.

Tangi jipya linahitaji kama wiki 4 hadi 6 ili bakteria hao wazaliane vya kutosha. Sasa angalia Jumamosi ya shemeji yetu. Akiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka likawa jeupe, ameua wale wafanyakazi wake karibu wote. Tangi linarudi kuwa jipya kila wiki, amonia inapanda, na samaki wanakufa kwenye maji yanayoonekana masafi kabisa. Ndiyo maana vifo vinakuja baada ya usafi. Mume anaona samaki wamekufa, anadhani hakusafisha vya kutosha, wiki inayofuata anazidisha. Ukichanganya na mabaki ya sabuni, hali inakuwa mbaya zaidi.

Na ukijani je? Huo ni mwani. Si ule wa kamba wanaolima akina mama wa Jambiani na Paje, ila ni wa ukoo huohuo mpana: vijimea vidogo vinavyoishi majini kwa kutumia mwanga, naitreti na fosfeti. Penye mwanga na mbolea, utaota. Mwani hauna ubaya wala chuki na nyumba yenu. Umekuta chakula kimeachwa mezani, umekula.

Jambo hili hili limetokea kwa ukubwa wa kutisha pale Ziwa Victoria. Mbolea za mashambani, maji taka ya miji na udongo unaosombwa na mito vimelijaza ziwa virutubisho. Mwani ukaongezeka, na magugu maji yaliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 yakakuta karamu tayari, yakafunga bandari na kuwakwamisha wavuvi. Tangi lako ni ziwa dogo lisilo na mto wa kutokea. Kila unachokitia kinabaki humo mpaka mtu akitoe.

Hilo ndilo neno la kushika mwezi huu: kila kinachoingia lazima kitolewe. Mengine yote yanafuata hapo.

Mzee aliyeufanya mwani kuwa mfanyakazi

Kama mwani unakula naitreti na fosfeti, kwa nini usiutumie? Mtu aliyelifanyia kazi wazo hili ni Walter Adey, mwanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian huko Washington, Marekani. Alisoma miamba ya matumbawe ya Karibiani, akaona jinsi zulia fupi la mwani lililo juu ya miamba, likipigwa na mawimbi na jua, linavyokua kwa kasi na kunyonya virutubisho. Akatengeneza kifaa kinachoiga hali hiyo: maji yanapita juu ya wavu wenye mwanga mkali, mwani unaota, unakwanguliwa, unatolewa. Hataza yake ilitolewa mwaka 1982. Miaka ya 1990 njia hiyo ilijaribiwa hata kwenye maji taka ya mji wa Patterson, California.

Wafugaji wa samaki wa nyumbani wakairahisisha. Badala ya mashine kubwa, wavu mmoja wa plastiki unaning'inia wima chini ya bomba lenye mwanya, maji yanateremka pande zote mbili, taa zinaumulika. Mwani unapata makao bora kuliko vioo vya tangi, unahamia huko. Kila wiki unautoa wavu, unaukwangua, na kile unachokwangua ndicho kilichokuwa kinakusumbua kwenye maji. Umekitoa kabisa nje ya tangi, kwa uzito wake.

Wavu wa mwani una faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwani unapenda kula amonia kabla ya naitreti. Kwa hiyo unasaidiana na bakteria kuondoa ile sumu kali kabla haijafika mbali. Maji yakiteremka kwenye wavu pia yanapata hewa, jambo la maana kwa joto letu la Dar, maana maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo.

Vifaa na ukubwa wake

Hapa si lazima uwe fundi. Gharama haizidi sana ya mtoko mmoja wa wikiendi wa watu wawili, ule wa kuku mzima na vinywaji.

Kwanza, wavu. Tafuta plastiki ngumu yenye matundu madogo, kama ile ya kudarizia. Wapenzi wa jambo hili wanapima wavu kwa chakula, si kwa ukubwa wa tangi: kila gramu 3 hivi za chakula kikavu kwa siku zinahitaji sentimita za mraba 75 za wavu unaomulikwa pande zote mbili. Kama taa ni ya upande mmoja, zidisha mara mbili. Kwa tangi la lita 120 lenye samaki wachache, wavu wa sentimita 10 kwa 10 unatosha. Usijisikie fahari kuweka wavu mkubwa kama mlango. Chakula kikiwa kidogo kuliko wavu, mwani unatawanyika, unaota mwembamba na dhaifu.

Ukwaruze wavu pande zote kwa msasa mkali au meno ya msumeno mpaka uguse kama ulimi wa paka. Mwani unahitaji mahali pa kushika. Wavu laini utaota mwani vizuri, kisha siku moja utaporomoka wote ndani ya tangi.

Pili, pampu. Hesabu ni lita 50 hivi kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa wavu. Upana wa sentimita 10 ni lita 500 kwa saa. Nunua pampu iliyoandikwa lita 700 au 800, kwa sababu inapoteza nguvu ikipandisha maji juu.

Tatu, bomba la PVC la nusu inchi. Lichane mwanya wa milimita 3, urefu sawa na upana wa wavu. Ziba mwisho wake mmoja. Ingiza ukingo wa juu wa wavu kwenye mwanya, ufunge kwa vile vibana vya plastiki vya kufungia nyaya. Maji yatoke yakiteremka kama pazia, pande mbili, bila kuruka.

Nne, kontena la plastiki linaloonesha ndani, kama yale ya kuhifadhia unga. Likae juu ya usawa wa tangi, na chini yake liwe na tundu la kurudishia maji. Mwambie fundi bomba akuwekee tenki konekta ya inchi moja, ili njia ya kutokea iwe kubwa kuliko ya kuingilia. Weka na tundu la pili, juu kidogo ya lile la kwanza, la akiba. Siku kipande cha mwani kikiziba tundu moja, kapeti la mama mkwe litakuwa salama.

Tano, taa. LED mbili za mwanga wa joto, zile zilizoandikwa 2700 au 3000 kwenye boksi, wati 7 hadi 10 kila moja. Ziweke nje ya kontena, moja kila upande, sentimita 10 hivi kutoka kwenye wavu. Ziwake saa 14 hadi 18 kwa siku, zikizimwa saa chache ili mwani upumzike. Taima ya kuchomeka kwenye soketi itakuondolea kazi ya kukumbuka. Funika kontena kwa foili ya jikoni kwa nje ukiacha nafasi ya taa tu: mwanga utabaki kwenye wavu, na ninyi mtaangalia tamthilia yenu bila kero.

Wale wanaoogopa LUKU: taa mbili za wati 9 kwa saa 16, na pampu ya wati 8 kwa saa 24, jumla ni karibu nusu uniti kwa siku. Mwezi mzima ni uniti kama 15.

Umeme na maji havitaniani. Waya wa pampu uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji likitambaa lidondokee chini na si kwenye soketi. Taa zishikiliwe na kitu imara. Na kabla ya kutia mkono kwenye maji, chomoa kwanza.

Wiki za mwanzo zinahitaji subira

Msitegemee miujiza ya siku tatu. Wiki ya kwanza na ya pili wavu utavaa ute wa kahawia, unaochukiza kidogo. Ni kawaida, ndio wa mwanzo kufika. Kisha ukijani unaingia, na kwenye maji baridi mara nyingi unakuja kama nyuzi au manyoya laini.

Baada ya siku 7 hadi 14 kwangua mara ya kwanza. Zima pampu na taa, toa wavu pamoja na bomba lake, nenda nao kwenye sinki. Kwangua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ukiacha rangi ya kijani iliyobaki kwenye matundu. Hiyo ndiyo mbegu ya wiki ijayo. Suuza kwa maji tu, kamwe si sabuni. Safisha na ule mwanya wa bomba, kwani mwani hupenda kuuziba. Rudisha. Kwa mtu aliyezoea, kazi yote haizidi dakika 20.

Mwani uliokwangua usiurudishe kwenye tangi. Mbuna wetu kule ziwani wanaishi kwa kulishia mwani wa kwenye miamba, na goldfish nao wanaupenda, kwa hiyo kishawishi cha kuwapa kipo. Ukiwapa kidogo hawatadhurika, ila unakuwa umekirudisha ndani kile ulichokitoa. Mahali pake ni kwenye vyungu vya maua au tuta la mchicha. Ni mbolea safi kabisa. Mchicha wetu wa uani unajua habari hii.

Umeme ukikatika, wavu unakauka. Mwani ukikauka kabisa unakufa, na taa ikirudi unaanza kuoza. Saa moja au mbili si tatizo. Ikizidi, umwagie kikombe cha maji ya tangi mara kwa mara, au utumbukize tu kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Usichokitegemea kwake

Sasa niseme ukweli, kwa sababu kuna watu wakishaelewa kitu hiki wanakiona kama dawa ya kila ugonjwa. Wavu wa mwani hauokoti kinyesi kinachoonekana. Chujio lenye sponji libaki palepale. Sponji lioshwe kwa kulikamua kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tanginini, likiwa limeziba tu, si kila wiki. Maji yaendelee kubadilishwa, ila si yote: robo ya tangi inatosha, kila wiki mwanzoni, baadaye kila wiki mbili. Kwa tangi la lita 120, robo ni lita 30, yaani dumu moja na nusu badala ya madumu sita. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke, au utumie dawa ya kuondolea klorini inayouzwa na wauza samaki.

Kama mnatumia maji ya kisima, pimeni kwanza. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na naitreti tayari, na hapo kila mnapobadilisha maji mnaongeza mbolea. Vipimo vya matone vya naitreti vinapatikana. Wengi tunajitahidi ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na karibu na 20 ni nzuri zaidi.

Halafu kuna jambo la idadi. Goldfish si samaki mdogo, anauzwa mdogo. Wale wa kawaida wanaweza kupita sentimita 20, na wanachafua maji kuliko samaki wengi wa sebuleni. Wanane kwenye lita 120 hakuna wavu utakaowamudu. Mdogo wangu wa Tabata, inauma kusema, lakini hao watatu waliobaki tayari wanalitosha tangi lenu. Msiongeze wengine kuziba pengo, na wakikua zaidi mtafute tangi kubwa zaidi.

Angalieni pia jua. Tangi lililo mkabala na dirisha litakuwa kijani hata mfanye nini. Lisogezeni au fungeni pazia, na taa ya tangi lenyewe isizidi saa 8 kwa siku.

Na kama mambo ya kuchana bomba yanawatisha, kuna njia ya kiaina. Ule mmea unaotambaa kwenye sebule nyingi, wenye majani ya umbo la moyo, wengine wanauita mani planti: chukueni kipande chake, mizizi iingie kwenye maji ya tangi, majani yabaki nje. Nao unanyonya naitreti taratibu. Hauna kasi ya wavu, ila hauhitaji fundi wala umeme. Tangi lenye mimea mingi ya majini halihitaji wavu kabisa. Mimea na mwani vitagombania chakula kilekile.

Nani anafanya nini

Tumefika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Nimetembelea nyumba nyingi zenye matangi machafu, na mara nyingi swali moja linafichua kila kitu: nani analisha? Mume anasema mimi, asubuhi kabla ya kazi. Mke anasema mimi pia, jioni nikirudi. Dada wa kazi naye anatoa konzi mchana kwa sababu samaki wanamwangalia kwa huruma. Mtoto wa jirani akija anaongeza. Hakuna mwenye nia mbaya, wote wanawapenda samaki, na samaki wanakufa kwa kupendwa.

Kwa hiyo kubalianeni hivi. Mlishaji awe mmoja, mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Bandika karatasi kwenye mfuniko, akishalisha aweke alama. Mtu wa pili awe mkwanguaji wa wavu. Baada ya mwezi mbadilishane, ili kila mmoja aijue kazi ya mwenzake na asiione nyepesi. Dada wa kazi aelezwe kwa heshima kwa nini konzi ya mchana haitakiwi.

Na kwa mume wa Tabata, kama unasoma, maana najua magazeti haya mnayasoma mkijificha: shemeji, weka chini ile sabuni. Nguvu yako inatosha kabisa, ielekeze kwenye wavu. Ukimaliza kuujenga, mwite mkeo aone mwani wa kwanza ukiota. Huenda asiruke kwa furaha, lakini ataona kazi yako ina mwisho.

Kwa mke: maneno ya “kopo lako” yamemuuma kuliko unavyodhani. Kwake lile tangi lilikuwa zawadi ya nyumba yenu. Mwambie wazi kwamba unachokikosa si sebule yenye harufu nzuri, ni Jumamosi yako na yeye. Barua yako kwangu ilisema hivyo kwa ukurasa mzima. Nadhani yeye hajawahi kuambiwa hata kwa sentensi moja. Kinachokaa moyoni wiki baada ya wiki hakiyeyuki. Kama naitreti, maji yanaweza kuonekana maangavu na bado imo. Basi tafuteni dakika 20 zenu za kila wiki, wavu mkononi au bila wavu, mtoe yaliyokusanyika.

Jumamosi hii anzeni na hatua isiyo na gharama: msimwage maji yote. Toeni robo tu, sponji mliache, chakula mkipunguze. Kazi itakwisha kabla ya saa 5 asubuhi. Muda utakaobaki mnajua wenyewe pa kuupeleka, na saa moja jioni bado mtakuwa na nguvu ya kuvaa na kutoka.

Mwezi ujao tutaongelea michango ya harusi za ndugu: nani anaahidi, nani analipa, na kwa nini simu ya kamati inapokelewa na mmoja tu. Mwenye la kusema aniandikie mapema. Mpaka hapo, pendaneni.